Rede ya Kukaa Chini

Mimi nilikuwa fundi wa rede, na nilijijua. Katika shule yetu ya wasichana pale Bagamoyo hakuna aliyeniweza. Nikiingia kati, wawili wananirushia mpira wa matambara kutoka pande mbili, nami nakwepa huku nikijaza mchanga kwenye chupa. Ikijaa, nimeshinda. Nilikuwa na miaka kumi na moja na majivuno ya kugawia mtaa mzima.

Ndipo akaletwa msichana wa Kaole, mguu wake mmoja umekauka kwa maradhi ya utotoni. Baba yake alimpakia kwenye baiskeli kila asubuhi. Mwalimu mkuu alimpa muhula mmoja tu: siku ya kufunga shule avuke uwanja kwa miguu, peke yake, la sivyo asirudi tena.

Muuguzi wa hospitali alikuja kila Alhamisi kumfundisha kutembea kwa magongo. Hakukaa kumhesabia hatua. Alimwingiza kwenye rede yetu. Chupa aliiweka katikati ya uwanja, mtoto aifuate mwenyewe kwa magongo, kisha akae chini aijaze. Akatutungia na sheria: akiudaka mpira badala ya kuukwepa, hatoki mchezoni.

"Mikono ikipata nguvu, na magongo yatamtii," alisema. Tukaitikia, "Ndiyo, bibi," huku tukikonyezana.

Tulimrushia kwa nguvu zetu zote. Mimi nilitia kokoto ndani ya matambara, Mungu anisamehe. Akadaka. Viganja vikamvimba, akadaka tena. Alhamisi ya mwisho aliijaza chupa mimi nikiwa mrushaji, akaiinua juu, na wenzangu wakampigia vigelegele. Roho iliniuma kama niliyeibiwa.

Siku ya kufunga shule, yeye akiwa darasani, niliyachukua magongo yake barazani nikayatumbukiza kwenye choo cha shimo, moja, kisha la pili.

Alipoitwa aliyatafuta, akapapasa ukuta mzima wa baraza. Kisha akavuka uwanja kwa kutambaa, gauni jeupe likibururika mchangani, baba yake akimtazama. Muuguzi alituuliza mmoja mmoja, tukakana. Yule msichana alinitazama mimi peke yangu. Alijua, na hakunitaja. Muuguzi akaomba angalau siku moja zaidi. Mwalimu mkuu akasema masharti ni masharti, akaingia ofisini.

Nilikuwa langoni baba yake alipompitisha kwenye baiskeli. Adabu ilinibana, nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe bingwa wa rede?" Alisimama kabisa. "Huyu nyumbani hana hadithi nyingine ila wewe. Umecheza na mwanangu, wengine hawataki hata kumsogelea. Mungu akulipe."

Msichana aligeuza uso upande wa pili.

"Amin, baba," nikasema.