Koti la Chuma la Jumapili

Kilichotutoa nyumbani Mghange ni mgongo wangu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na uti wangu ulikuwa umeamua kupinda kama barabara ya kwetu. Daktari mmoja wa Mombasa alikuwa amenipa koti la kuunyoosha: ngozi nene kiunoni, vyuma vitatu, na pete ya kushika shingo. Miezi sita aliyotupa ilikuwa imeisha. Alisema akikuta umezidi kupinda, atanipasua.

Alfajiri Mama alinivisha koti, akalipangusa kwa kanga mpaka likang'aa, tukashuka kwa miguu hadi Wundanyi kupanda matatu. Pete haikuniruhusu kutazama chini, kwa hiyo nilifaidi mawingu. Mawe nayo yakafaidi vidole vyangu.

Saa nne tulikuwa Voi, tukingoja basi la Mombasa. Jua lilichoma chuma, chuma kikanichoma mimi. Mama mmoja Mkamba mwenye hoteli alinizunguka kama anayenunua ng'ombe.

"Haki, huyu msichana amefanya makosa gani?"

"Ni dawa hiyo," Mama akajibu, kidevu juu. "Ya Mombasa."

Chai aliyotuletea ilinimwagikia kifuani. Mama akaruka kufuta koti. Mimi niliyeungua nikajifuta mwenyewe.

Mombasa tulifika alasiri. Daktari aliinua picha ya mgongo dirishani. Kisha akapitisha kidole kwenye mikanda ya koti, iliyokuwa bado mipya.

"Mama, mtoto hulivaa lini?"

"Jumapili, daktari. Na Krismasi. Na siku ya kuja kwako."

"Na siku zingine?"

"Liko kwa sanduku, pamoja na nguo zangu za kanisa. Kitu kizuri hivyo, akate nalo majani ya ng'ombe?"

Nami, mjanja, nilikuwa nikilibariki hilo sanduku kila Jumatatu.

"Mgongo umezidi," daktari akasema. "Nawapa miezi mitatu. Mchana na usiku, avue akioga tu. La sivyo, kisu."

Mama aliketi kwenye benchi akalia mbele za watu. "Nimetunza koti, mwanangu, nikakuacha wewe." Niliogopa machozi yake kuliko kisu.

Tuliporudi Mghange, asubuhi iliyofuata alinituma majani nikiwa nalo. Mvua ikanyesha. Mama alisimama mlangoni akitazama ngozi ikilowa, mkono umekaza kanga.

Miezi mitatu ilipoisha, kisu kilinipita kando. Nilibaki na bega moja juu kidogo, na koti likaisha kabisa: ngozi imepasuka, pete imekwaruzika. Mama amelitundika sebuleni, mahali pa picha ya harusi. Wageni wakiuliza mbona limechakaa hivyo, huwajibu kwa maringo yale yale ya Voi:

"Lilivaliwa."