Binti Mfalme wa Bronisław Kłapeć

Bronisław Kłapeć aliendesha gari la farasi pale Siarczyn, mji wetu mdogo wa Poland, tangu ujana wake mpaka masharubu yakawa rangi ya majivu. Sisi tuliofanya kazi kwenye mabafu ya tiba tulimsikia kabla hatujamwona. Asubuhi wageni waliokuja kutibiwa walikunywa maji yetu ya chemchemi, yale yanayonuka yai viza, kisha wakatoka nje wamekunja nyuso. Bronisław alikuwa mlangoni anawasubiri.

"Pandeni, mabibi na mabwana! Upepo utawaondolea hiyo ladha!"

Akawazungusha bustanini, akawapitisha kwenye kanisa la mbao na zile nyumba za matajiri wa zamani zenye roshani zilizochongwa kama lesi. Tatizo ni kwamba Siarczyn haikuwa na mengi ya kusimuliwa. Mji jirani ulishatembelewa na majenerali, waimbaji, hata askofu mkuu. Kwetu alikuja daktari mmoja maarufu, akaonja maji, akaondoka na gari-moshi lililofuata.

Siku moja ya mvua abiria wake walianza kupiga miayo. Bronisław akaona bahashishi inayeyuka. Akaelekeza mjeledi kwenye nyumba moja ya kijani.

"Pale ndipo alipolala Binti Mfalme Eulalia," alisema. "Aliletwa kwa machela, hata kijiko hawezi kuinua. Alipomaliza kuoga maji yetu, alicheza ngoma ya mazurka mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka."

Miayo ikakoma. Tangu hapo Eulalia akawa riziki yake, na kila msimu alizidi kunawiri. Mwaka huu ana mchumba Mwaustria, mwaka ujao ana mbwa watano na mchumba amekufa kwa wivu. Duka la mikate likaanza kuoka biskuti za tangawizi zenye sura yake. Wageni waliziweka kifuani kama picha za watakatifu.

Mkewe tu, Teofila, ndiye ambaye hakucheka.

"Eulalia alikuwa mbuzi wa mama," alimwambia jikoni, huku anakoroga sufuria ya kabichi chachu. "Mbuzi wa mama umempa ufalme!"

"Alikuwa mbuzi mwenye maringo," Bronisław akajibu. "Alipungukiwa taji tu."

Mambo yangeishia hapo kama tusingepata meya mpya, Hubert Gąsior, kijana mwenye haraka aliyetaka mji wetu ujulikane mpaka Warsaw. Akatangaza kwamba mbele ya nyumba ya kijani litawekwa jiwe lenye kibao cha shaba, kwa kumbukumbu ya Binti Mfalme Eulalia. Padri atalibariki. Bendi ya zimamoto itapiga.

Bronisław aliposikia habari ya padri, hamu ya chakula ilimtoka. Kuwadanganya wageni ni kazi, lakini maji ya baraka ni kitu kingine.

"Nenda kaseme," Teofila akamwambia. "Au unataka Padri amnyunyizie maji mbuzi wa mama?"

Akaenda. Meya alimpokea kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, yule binti mfalme hakuwahi kuwapo."

"Bwana Bronisław, acha unyenyekevu. Mji mzima unajua habari zake."

"Unajua kwa sababu nimeuambia mimi!"

"Ndiyo maana utakaa mstari wa mbele," alisema meya, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Siku ya uzinduzi Bronisław alivaa suti yake ya harusi, iliyokuwa haifungiki tena tumboni. Padri alipochovya kinyunyizio kwenye ndoo, mzee wa watu akashindwa kuvumilia. Akapanda jukwaani akamshika Padri mkono.

"Baba, ngoja! Jamani, nisikilizeni. Hakuna Eulalia. Hakuja, hakulala hapa, hakucheza chochote. Nilimtunga mimi, kwa kichwa changu hiki!"

Mpiga tarumbeta wa bendi alisahau kushusha tarumbeta lake. Kisha kutoka viti vya nyuma akainuka Bi Walburga Szczypior, ajuza mwenye mkoba mzito.

"We Kłapeć, una wazimu? Bibi yangu ndiye aliyekuwa akimchana nywele!"

"Bibi yako?" akadakia Bi Kunegunda, jirani yake. "Bibi yako alikuwa ananyonyoa kuku! Nywele alichana bibi yangu, na alipewa kitana cha fedha!"

"Kiko wapi hicho kitana?"

"Wajerumani walikichukua!"

"Mwongo mkubwa!"

"Mwongo wewe, na bibi yako!"

Mkoba wa Bi Walburga ukapaa, ukatua kwenye kofia ya Bi Kunegunda. Wazimamoto waliacha ala zao wakaenda kuwatenganisha. Watu wengine walimzomea Bronisław, eti anauharibia mji jina kwa uongo. Akashushwa jukwaani akiwa ameshikwa kwapani, na kifungo pekee kilichokuwa kimeshikilia suti kikafyatuka. Padri akatutazama sote, akashusha pumzi, akanyunyiza.

Nilimkuta Bronisław jioni anakula supu ya bitiruti, bakuli la pili. Teofila alikuwa ameketi karibu naye, anamshonea kifungo.

"Maisha yangu yote wananiamini," alilalamika. "Leo nimesema kweli, wamenitoa kama mlevi."

"Mimi nimekuamini," alisema Teofila. Sikuwahi kumsikia akimwambia neno tamu kuliko hilo.

Baada ya hapo hakumtaja Eulalia tena. Aliwasimulia abiria habari ya kweli, ile iliyoandikwa kanisani: kwamba chemchemi iligunduliwa na nguruwe jike mwenye upele, aliyegaagaa topeni mpaka akapona, na mwenye nguruwe akaona bora ajaribu na yeye.

Wageni walicheka mpaka gari likatikisika.

"Nguruwe! Haya basi mzee, acha mzaha, tuambie ya binti mfalme."

Yeye akaonyesha jiwe kwa mjeledi. "Someni wenyewe," alisema, akamhimiza farasi.