Nguru Niliyemnunua Bila Kichwa

Kosa ni langu. Nalisema mapema, maana nikianza kujieleza nitajitetea, na nimeshajitetea vya kutosha.

Mimi ni mke wa mtu hapa Ghubra, Maskati, watu wetu asili yao Unguja. Kwa samaki mimi ni mtu wa shaka! Namtazama macho, yakiwa yamezama simtaki. Nafunua mashavu nione wekundu, na huo wekundu wenyewe siuamini, nausugua kwa kidole. Nabonyeza mgongo, shimo likibaki, naondoka. Hata yale maji wanayowamwagia kila dakika nayashuku.

Sasa sikilizeni nilivyoponzeka. Wiki iliyopita muuzaji mmoja mgeni pale sokoni aliniita kwa Kiswahili, tena cha kwetu hasa. "Karibu mwanangu! Wewe wa Unguja wewe, sura haijifichi!" Wallahi moyo ulilainika. Akanitolea nguru ameshakatwa vipande, yumo mfukoni. Nikauliza kichwa kiko wapi. Akacheka: "Kuna mwenzio kakitaka kwa supu. N'kudanganye wewe, damu yangu?"

Mimi ninayemshuku kila muuzaji asiyesema lugha yangu, nikapokea mfuko!

Nyumbani, dada wa kazi, nimwite Akoth, Mkenya wa kandokando ya ziwa, alifungua ule mfuko akarudi nyuma.

"Madam, hii samaki imeharibika. Nusa hapa karibu na mfupa."

Nikanusa. Harufu niliisikia, Mungu ananiona. Lakini niliona haya kuoneshwa na mfanyakazi wangu kwamba nimetapeliwa. Nikamjibu, "Wewe umezoea samaki wa ziwani, wa bahari utamjulia wapi? Tia ndimu na kitunguu thomu, kaanga."

Akakaanga. Mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye, alikula vipande viwili. Mimi nilijipakulia wali na kachumbari, nikasema samaki simtamani leo. Ndiyo, mmesoma sawasawa! Sikumgusa samaki niliyemwekea mama wa mume wangu.

Alasiri mama akaanza kutapika. Akalazwa siku mbili, katundikiwa maji. Mume wangu aliporudi nyumbani kumchukulia nguo, aliuliza, "Huyo samaki kafanywa nini?"

Ulimi ukanitangulia. "Samaki alikuwa mzima. Akoth kamwacha nje ya friji."

Akoth alikuwa amesimama mlangoni. "Madam, tafadhali, sema ukweli," alisema. Mume wangu hakumsikiliza. Siku ile ile alimrudisha kwa wakala aliyemleta kazini, kule Wadi Kabir, na wakala akamwandika mzembe. Jumamosi hii wanampandisha ndege arudi kwao. Ana mtoto anamsomesha kwao, naye mtoto huyo nilikuwa namjua kwa jina! Roho yangu ilikuwa wapi?

Mama akatoka hospitali, nikadhani yamekwisha. Jana akaniita chumbani kwake, ukuta mmoja na jikoni. Sauti yake bado dhaifu.

"Mwanangu, mimi nimechoka miguu tu, masikio yangu mazima. Nlimsikia Akoth akikukataza."

"Sasa mama, mbona ulikula?"

"Nlikula kwa kuwa nlikuamini wewe. Nkasema huyu ndiye ajuaye samaki. Kisha nkakuona huli."

Nikaanguka kulia, nikamshika miguu. Akaivuta.

"Mimi n'shakusamehe. Aliyebaki ni yule. Mwambie mumeo kwa mdomo wako, ende akamrejeshe. Nnakupa mpaka kesho, kabla Ijumaa haijasaliwa. Ukinyamaza, nnasema mimi."

Jamani wenzangu, samaki aliyekwisha kukatwa msimnunue, hata muuzaji awe ndugu yenu wa tumbo moja. Na mkikosea, msimtafute wa kumtwika, hasa yule asiye na mtu wa kumsemea katika nchi hii. Mimi nilimshuku kila mtu Maskati hii nikajiacha mwenyewe!

Leo ndiyo hiyo Ijumaa. Mume wangu amekwisha kuoga, anatafuta kofia yake aende msikitini. Ananiuliza kofia iko wapi, na mimi nimo jikoni nawaandikia nyinyi, bado sijamwambia.