Nimefufuliwa leo, kazini

Leo nimefufuliwa, na sikukuwa nimekufa hata kidogo.

Bon. Niko stagiaire, bado najifunza kazi, kwa service ya maji. Kwa avenue moja ya Makiso, robinet zote za maji kwa nyumba zimekauka. Chef akasema: "Bomba inavuja chini ya udongo. Lala, tia sikio, sikiliza."

Nikalala katikati ya barabara. Nikafunga macho, nisikie muzuri.

Mama moja akapita, akapiga kelele: "Yesu! Mutoto wa watu anakufa!"

Paf! Ndoo yake nzima ya maji kwa kichwa yangu.

Nikaruka. "Mama, niko kazini! Natafuta maji yenu!"

Akaangalia ndoo. "Papa, ile ndiyo ilikuwa maji yangu ya mwisho."

Chef mpaka sasa anacheka. Na nyinyi mucheke tu.

Lakini mujue: kwa ile avenue yote, mutu aliyepata maji leo ni mimi peke yangu.