Mlio wa Injini Ikiwa Baridi

Katika mtaa wa Glenda Stuckey, kule Indiana, mwanamume akimaliza kuunda gari haliwashi peke yake. Anawaita wenzake siku ya Jumamosi. Wanakuja na viti vya kukunja na bia zao, boneti linafunguliwa, na wote wanasimama kuizunguka injini wakisubiri ilie, kama watu walio nje ya chumba cha kujifungulia. Wanawake wanaleta chakula. Jumamosi ile ya Novemba Glenda alileta sufuria ya maharage yaliyopikwa na nyama ya kusaga na pilipili. Kilikuwa chakula cha marehemu mwanawe Garrett, na tangu mwana afe ndicho pekee ambacho mikono yake ilipika bila kuambiwa.

Gari lilikuwa Chevelle ya mwaka 1970, la mumewe Lyle. Alilinunua akiwa kijana, enzi za kazi yake kiwandani, na humo ndimo alimomchumbia Glenda. Glenda alikuwa ameacha shule mapema ili amuuguze mama yake. Hakuwa na cheti wala nguo ya maana, na hapo likatokea gari la buluu lenye mistari myeupe, linalosikika kutoka kona ya pili. Angefanya nini? Akapanda. Baadaye kiwanda kikafungwa, injini ya Chevelle ikakaukiwa na oili ikajikaza, na Lyle akalifunika gari kwa turubai gerejini. Masanduku ya mapambo ya Krismasi yakawekwa juu yake. Glenda akaenda kufua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, na huko ndiko aliko mpaka leo.

Mtoto walimpata mmoja tu. Garrett alikuwa kijana mzito, mpole, mwenye kula na kucheka, akifanya kazi kwenye ghala la mizigo nje ya mji. Alikuwa na pikapu aliyoipenda kuliko alivyowahi kumpenda msichana yeyote. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikuwa imeila boliti moja ya nyuma, kati ya zile zinazobana bomba la moshi kwenye injini, nayo ikakatika. Kwa hiyo asubuhi, injini ikiwa baridi, moshi ulipenya kwenye ule mwanya na kugonga, ti-ti-ti-ti, kama ukucha juu ya sahani. Chuma kikishapata moto hutanuka, mwanya ukaziba, mlio ukakoma.

Lyle alimwambia mara nyingi ailete waitengeneze. Garrett hakuona haja. Aliiwasha pikapu akaiacha ingurume uani, akarudi jikoni kunywa kahawa amesimama, huku mama yake akimfungia mkate wa nyama kwenye karatasi.

"Ikinyamaza tu, mama, ujue nimeondoka," alikuwa akisema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mlio ukififia alichukua mkate wake akatoka.

Aliondoka hivyo asubuhi moja ya Januari. Barabara ya kaunti ilikuwa barafu tupu. Pikapu iliteleza kando, na ubavu wa upande wa dereva ukaenda kupiga ukuta wa kalvati. Mbele hakukuguswa. Hata taa hazikupasuka. Polisi aliyekuja kuwaarifu alisema jambo hilo kama mtu anayetafuta la kusema, na Glenda hajamsamehe.

Siku iliyofuata maziko, wakiwa jikoni na Nadine, dada yake Glenda, Glenda alimwomba mumewe kitu kimoja. Hakuomba kingine, kabla wala baada ya hapo.

"Ile gari ipondwe, Lyle. Sitaki hata msumari wake urudi kwenye uwanja huu."

"Itapondwa."

"Niahidi."

"Nimekuahidi, mama. Nadine amesikia."

Merle Hobart, rafiki wa Lyle mwenye uwanja wa vyuma chakavu, ndiye aliyekwenda kuikokota. Juma lililofuata alipita nyumbani, akavua kofia mlangoni na kusema, "Imekwisha hiyo, shemeji. Usiiwaze tena." Glenda alimshukuru. Alimkatia hata kipande cha keki.

Majira ya kuchipua Lyle aliliondoa turubai kwenye Chevelle. Alisema ataitoa ile injini mfu na kutia ya kisasa, isiyo na kabureta, inayoongozwa na kompyuta. Glenda alifurahi, kwa kiasi alichoweza kufurahi. Alikuwa amechoka kumwona mtu mzima ameketi akitazama ukuta. Aliuliza injini imetoka wapi, akaambiwa ni ya gari la mizigo lililopinduka Kentucky. Hakuuliza zaidi. Injini ilipofika ilikuwa imekwisha kusafishwa na kupakwa rangi ya machungwa, na kwake yeye injini zote zilifanana.

Kazi ilikwenda mwaka huo na mwaka wa pili. Sahani ya chini ya kuhifadhia oili ilikuwa ndefu mno, ikagonga chuma cha chasisi, ikabidi itafutwe nyingine fupi. Vishikizo vya injini vilitengenezwa upya. Nyaya zilitandazwa juu ya meza ya gereji kama matumbo ya ng'ombe, na Lyle akakaa nazo jioni nyingi akikata zisizohitajika. Fundi mmoja wa mji wa Kokomo aliifundisha kompyuta isahau ufunguo wa gari ilikotoka. Kila Jumamosi walikuja Merle na wengine, na kila Jumamosi Glenda aliwapelekea chakula. Walikula vizuri. Baadaye aliwakumbuka mmoja mmoja, jinsi walivyopokea sahani bila kumtazama usoni, na yeye akadhani ni haya za wanaume mbele ya mfiwa.

Basi ikafika Jumamosi ile ya kuiwasha. Baridi ilikuwa kali, pumzi zikionekana. Glenda aliingia gerejini na sufuria yake, Merle akamwona.

"Shemeji, isogeze mbali hiyo sufuria. Mumeo hajawahi kuwasha kitu kisilipuke."

"Likilipuka nachukua koleo lake la theluji," akasema mwingine.

"Mchukue na deni la nyumba," Lyle akajibu kutoka ndani ya gari, wakacheka.

Akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka mara mbili, ikashika. Wanaume wakapiga makofi. Halafu, chini ya ngurumo ile nene, Glenda akasikia ti-ti-ti-ti.

Mwanzoni hakuelewa. Mwili wake ulitangulia. Aligeuka kutazama mlangoni, kama mtu ambaye kahawa ya mtoto wake inapoa. Kisha akaelewa. Akaiweka sufuria chini polepole, akawatazama wanaume. Makofi yalikwisha. Merle alikuwa anatazama viatu vyake. Wote walikuwa wanatazama kitu fulani, na hakuna aliyemtazama yeye, na hapo ndipo alipojua kwamba gereji nzima ilikuwa inajua.

"Zima," alisema.

Lyle alizima. Watu wakakumbuka shughuli zao, wakakunja viti.

Walipobaki wawili Lyle hakukana. Alisema aliikuta pikapu kwa Merle inangoja kupondwa na mkono wake haukuweza kutia saini ya ruhusa. Alisema yeye na Garrett walikuwa wamepanga zamani kwamba pikapu ikichoka, injini yake itakwenda kwenye Chevelle.

"Alikuambia lini?"

"Tulikuwa tunaongea tu. Mambo ya baba na mwana."

"Mimi hakuniambia."

"Glenda, kila kitu chake kimekufa. Nguo zake ulimpa Nadine agawe. Hiki ndicho kitu chake pekee ambacho bado kinapumua."

"Nilikuomba kitu kimoja," Glenda alisema. "Ukaniahidi. Ukanitazama miaka hii yote nikiwalisha watu wako, na ile injini ipo pale gerejini, mnaifuta futa kama mtoto mchanga. Merle akala keki yangu."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Alimtaka aitoe. Lyle alisema hawezi. Hakusema hataki, alisema hawezi, jinsi wanaume wanavyosema wakitaka kuonewa huruma kwa jambo wanalokufanyia. Tangu siku hiyo Glenda alihamia chumba cha Garrett, na maneno kati yao yakabaki yale ya takataka na umeme. Nadine alimwambia afungashe virago ahamie kwake. Glenda alilifikiria. Lakini nyumba ya Nadine ilikuwa na watu wengi, na kazi yake ilikuwa mitaa miwili kutoka nyumbani kwake, na kwa umri ule kuanza upya si kuhamisha kiti. Akabaki.

Majira hayo ya baridi Lyle akawa analiwasha gari kila asubuhi kavu, alipashe moto, betri isife. Mara ya kwanza Glenda alifungua bomba la maji ili asisikie. Mara ya pili akawasha redio. Asubuhi nyingine alisahau redio, kwa kuwa alikuwa amechelewa, na mlio ukaja ukamkuta amesimama jikoni na birika mkononi. Ti-ti-ti-ti. Ulipokoma alitazama chini, akaona amemimina kahawa katika vikombe viwili, na kimoja kilikuwa cha Garrett chenye mpini uliogundishwa kwa gundi.

Hakumwambia mtu. Alikunywa chake, akamwaga cha pili, akaenda kazini kufua mashuka. Lakini kesho yake alikuwa jikoni mapema, taa imezimwa, amesimama nyuma ya pazia. Na keshokutwa. Kama asubuhi ilikuwa na theluji nzito na Lyle hakutoka, siku yake nzima iliharibika, akawafokea hata wazee wasiokuwa na kosa. Mlio haukudumu. Kwa muda ule mfupi kulikuwa na mtu uani ambaye hajaondoka bado. Glenda alijua vizuri kwamba ni chuma na kutu. Alisimama vilevile.

Alimchukia Lyle kama kawaida. Chuki hiyo ilikuwa na haki yake na hakuona sababu ya kuiacha. Ila alikuwa ameanza kuamka.

Kiangazi kulikuwa na maonyesho ya magari kwenye uwanja wa kaunti, na Lyle alitaka kulipeleka la kwake. Mwezi wa tano, Glenda akiwa kazini, Lyle na Merle waliling'oa bomba la moshi, wakatoboa kile kisiki cha boliti kilichobaki ndani ya injini, wakachomelea nati juu yake, wakakizungusha taratibu mpaka kikatoka. Wakatia boliti mpya na gasketi mpya.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa na ubaridi wa mwisho mwisho, umande umeganda kwenye nyasi. Glenda alisimama nyuma ya pazia na kikombe chake. Kile kingine kilikuwa mezani, kimejaa. Lyle aliingia garini. Injini ikashika mara moja na kunguruma, laini, sawasawa, kama maji yanayochemka mbali. Glenda alingoja. Alidhani labda kulikuwa na joto kidogo. Akafungua dirisha. Akatoka nje na kandambili, akasimama kwenye nyasi zenye barafu karibu na boneti.

Lyle alimwona, akashuka. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Glenda hakuwa amekiona siku nyingi, namna ya mtu anayeleta zawadi.

"Umesikia?" alimwuliza. "Hakuna kitu. Nimekuondolea ile kelele, mama. Nilijua ilikuwa inakuumiza. Nilikuwa nakuona unavyosimama pale dirishani."

Glenda alimtazama.

"Boliti iko wapi?"

"Ipi?"

"Ile iliyokatika."

"Aa, kipande? Merle amekwenda nacho na vyuma vingine." Akacheka kidogo, kwa wasiwasi. "Ni kutu tu ile, Glenda. Ungeifanyia nini?"

Aliingia ndani. Lyle akamfuata hadi mlangoni akiuliza amekosa nini tena, maana alipofanya bila kumwuliza alilaumiwa, na sasa amemfanyia jambo la kumsaidia analaumiwa pia. Aliona vikombe viwili mezani, kimoja cha Garrett, vyote vimejaa. Pengine alielewa, pengine hakuelewa. Glenda hakumsaidia kuelewa. Alikuwa amemaliza kumsaidia yule mtu.

Maonyesho yalikwenda vizuri. Lyle aliweka ubao mbele ya gari, kama wanavyofanya wote, ubao wa kueleza historia ya gari, na juu yake akabandika picha ya Garrett akicheka. Nadine ndiye aliyekwenda akamsimulia Glenda: jinsi watu walivyosoma wakampa Lyle mkono, jinsi wanawake walivyojifuta macho, jinsi mmoja wao alivyosema kwamba yule mama, popote alipo, ana bahati ya kuwa na mume mwenye moyo. Lyle alipewa kikombe cha shaba. Kikombe hicho kimo sebuleni, na anayekifuta vumbi ni Glenda, kwa kuwa vitu vya nyumba ile vyote hufutwa na yeye.

Lyle bado huliendesha gari lake asubuhi, akienda kunywa kahawa na kina Merle. Halina kelele tena uani. Mara nyingi Glenda hugundua tu kwamba uwanja ni mtupu, na hajui umekuwa mtupu tangu saa ngapi.