Nilisikiliza Nani Atalia

Tangu kompyuta ziingie ofisini mwetu Tudor, fundi anayesifiwa ni mimi, na sifa nyingi hujipa mwenyewe. Wiki jana bosi wetu, Bwana Saidi, aliniambia niiondoe seva ya hifadhidata tuliyoifanyia majaribio, kwa kuwa inajaza kompyuta bure. Seva zilikuwa mbili, Mizigo na Mizigo Mbili. Nikajiambia isiyo na namba ndiyo kuukuu, haina kazi.

Lakini mimi si mtu wa kufuta ovyo. Nilijifungia chumba cha nyuma, nikaizima kwanza, nikasikiliza nani atalia. Saa nzima, kimya! Nikatabasamu, nikaifuta isibaki hata harufu.

Nilipotoka, makarani walikuwa ndio wanaketi. Mmoja akaguta, "Mbona mizigo ya wateja haionekani?"

"Haiwezekani," nikajibu kwa madaha. "Nimeizima saa nzima na hakuna aliyelalamika."

Bwana Saidi akavua kofia yake taratibu. "Tungelalamika vipi, Athumani? Leo Ijumaa, sote tulikuwa msikitini." Kisha akanikazia macho. "Kwani wewe umeswali wapi?"