Diwani Asiyesema Barabara

Mke wangu aliiita kazi ya mtu aliyekosa kazi, na hakuwa mbali na ukweli. Kila Jumapili baada ya ibada, diwani wa kata moja ya tambarare, upande wa Dirma, alifika kwetu Katesh na habari zake zote kichwani. Mimi nilizipanga katika Kiswahili cha shule. Yeye alizisoma kwenye simu, na sauti yake ikasambaa kata nzima: chanjo ya ng'ombe itakuwa siku ya mnada, mwalimu wa hesabu amepatikana, aliyepoteza ndama mwekundu aende kwa mtendaji. Alitumia sauti kwa sababu wapiga kura wake wengi hawasomi, na wale wanaosoma hawana miwani.

Sikuwa nikilipwa. Nilifanya kwa sababu siwezi kukaa kimya. Tangu tope lishuke mlimani na kuzika nyumba na watu wa jirani zetu wa Jorodom, mvua ikianza tu nasimama. Nakwenda dirishani, narudi, natazama simu, nakwenda tena dirishani. Watu wa hapa wote wamekuwa hivyo kidogo. Zamani ujumbe wa diwani ulikuwa kitu cha kufuta bila kusikiliza. Siku hizi mtu anasimamisha jembe hewani, anaweka simu sikioni, na akishasikia kwamba ni habari za chanjo tu, anashukuru Mungu na kuendelea kulima. Kuwaandikia watu wanaosikiliza namna hiyo ni bahati ambayo makala zangu za gazetini hazijawahi kuipata.

Diwani mwenyewe ni Mdatoga, mke na mama, amezaliwa kwenye ng'ombe na kuolewa kwenye ng'ombe wengi zaidi. Mimi ni Mwiraqw wa Tumati, mtu wa mahindi na baridi. Alikuwa akinitania kwamba sisi wa juu tunazungumza na maharage. Nilimjibu kwamba angalau maharage hayahami.

Tatizo lilikuwa neno moja. Nikiandika "barabara ya kwenda mnadani imechongwa na greda," yeye alisoma "njia ya gari ya kwenda mnadani." Nikiandika "barabara imekatika," yeye alisema "pale gari zinapopita pamekatika." Mwanzoni nilidhani hasomi vizuri. Nikaandika neno hilo kwa herufi kubwa. Akakohoa, akasoma "njia." Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyewahi kufundisha kidato cha pili, tofauti ya njia na barabara. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama chai imebaki.

Kata nzima ilishaona. Kulikuwa na mtu wa makamo aliyewahi kuwa diwani kabla yake, mfanyabiashara wa ng'ombe, naye aliutaka udiwani wake urudi. Kwenye kundi la simu la kata aliandika, "Wenzetu wanaletewa barabara, sisi tunaletewa njia." Mwingine akadakia, "Huyu mama hasemi barabara." Wakacheka siku mbili, maana neno lenyewe linabeba mambo mawili: ile inayopita magari, na jambo lililonyooka. Kura za maoni za chama zilikuwa zinakaribia. Kicheko cha namna ile ni kibaya kuliko tusi. Tusi mtu hulisahau.

Nikamuuliza waziwazi. "Mheshimiwa, hili neno limekukosea nini?"

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mwalimu, unataka nifukuzwe nyumbani?"

Ndipo aliponieleza. Kwao mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Halitamki mzee akiwa hai, wala akishazikwa. Na haishii kwenye jina. Neno lolote linalofanana nalo analiweka pembeni na kutafuta lingine. Jina la baba mkwe wake, ambalo na mimi nitaliacha hapa kwa kumwonea aibu, lina kipande kinacholingana na neno barabara. Wanawake wa ukoo ule wote wanasema njia ya gari, na hakuna mtoto wa pale anayeshangaa.

"Lakini hilo ni la Kiswahili," nikasema.

"Sikio la mama mkwe halina Kiswahili wala Kidatoga. Likisikia limesikia."

Nilisoma isimu chuo kikuu. Mila hii ina jina lake la kitaalamu, nililijibu kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Halafu nikakaa mwaka mzima nikimsahihisha mtu aliyeiishi mbele yangu, kwa kalamu nyekundu. Tuliyaacha hapo. Kuanzia siku ile nikaandika njia ya gari.

Ingekuwa imekwisha, kama si josho. Kata ilipata josho jipya la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, zege safi, na kamati ikaamua liitwe kwa jina la mzee aliyetoa eneo. Mzee huyo alikuwa marehemu baba mkwe wa diwani. Yule diwani wa zamani alikuwa kwenye kamati ya sherehe, na ratiba ilipotoka ilisema kwamba mheshimiwa diwani atatangaza jina la josho mbele ya mgeni rasmi. Alijua anachofanya. Ni Mdatoga kama yeye, na mke wake mwenyewe anaruka maneno nyumbani kila siku.

Jumapili ile nilizunguka meza kuliko siku za mvua. Asipolitamka, watasema hawezi hata kutaja alama ya maendeleo ya kata yake, na kura zinaondoka. Akilitamka, mama mkwe wake atakuwa ameketi pale pale na wanawake wa ukoo, na diwani ana boma la kurudi jioni. Nilimpa mawazo yangu yote. Mtendaji alisome. Nilisome mimi. Aseme ana mafua.

"Watasema sijui kusoma."

"Basi waeleze sababu."

"Niwaeleze, halafu mgeni asimame aseme tupige vita mila potofu? Nimeshasikia hotuba hiyo." Alikunja ratiba, akaikunjua. "Si potofu, mwalimu. Ni heshima tu, ila leo inanisumbua."

Niliandika hotuba mara nyingi na kuzichana. Mwishowe akaniambia niache, kwa sababu karatasi zangu zinamtia wasiwasi kuliko josho lenyewe.

Siku ya sherehe upepo ulikuwa unavuta turubai. Ng'ombe walikuwa wamepangwa upande mmoja wakilalamika, viti vya plastiki upande mwingine, na kibao kimefunikwa kitambaa ukutani. Nilisimama nyuma, nikahamia pembeni, nikarudi nyuma. Mwanamke mmoja aliniambia nitafute kiti, namchosha macho.

Diwani akapewa kipaza sauti. Akasalimia wazee, akamshukuru mgeni, akataja mafundi. Kisha akasema, "Aliyetoa eneo hili ni baba wa mume wangu. Nilipokuja kwake nilikuwa msichana, akaniambia nisiogope, maziwa yapo. Jina lake ninyi mnalijua. Kibao kinalo. Mimi silitaji."

Yule diwani wa zamani akanyanyuka nusu kutoka kitini, akitabasamu. "Mheshimiwa, litaje mgeni wetu asikie. Kiongozi husema barabara."

Watu wakacheka, hasa vijana. Niliona mgeni rasmi anageuka kumuuliza mtendaji kitu, na mtendaji anatazama viatu vyake.

Diwani alisubiri kicheko kiishe. "Sawa, mheshimiwa mstaafu," akasema kwa sauti ile ile ya kutangaza chanjo. "Mama mkwe wako namwona pale, kiti cha tatu, amevaa shuka jekundu. Shikamoo, mama. Wewe mtaje kwa jina lake alilopewa na baba yake, hapa kwenye kipaza sauti, mgeni asikie. Ukimaliza, mimi nitafuata."

Akamnyooshea kipaza sauti.

Yule bwana, ambaye kama mkwe yeyote wa kwao naye hamtaji mama wa mke wake kwa jina, alifungua mdomo. Sote tulimtazama akiwa amefungua mdomo. Bibi wa shuka jekundu naye alimtazama, bila hasira, kwa subira ya mtu anayengoja kuona mkwe wake ni wa aina gani. Mzee mmoja wa mbele akasema, "Kaa, bwana, ng'ombe wana joto." Akakaa. Safari hii waliocheka ni wanawake, na walicheka muda mrefu.

Mgeni rasmi, mtu wa mbali, hakuelewa yote, lakini alielewa kwamba ni zamu yake. Akavuta kitambaa na kusoma kibao mwenyewe. Jina la Kidatoga lilimshinda katikati. Wanaume na watoto wakamrekebisha kwa sauti moja, akalirudia, wakamrekebisha tena. Hivyo jina likatangazwa mara nyingi kuliko ratiba ilivyoagiza. Wanawake wa ukoo walikaa wamefunga midomo, na diwani wao alisimama katikati yao, kipaza sauti kimezimwa.

Kura za maoni zilipofika alipita. Mimi husema ni kwa sababu ya mama mkwe wa watu. Yeye husema ni kwa sababu ya kupe, ambao walipungua. Yule mfanyabiashara amerudi kwenye ng'ombe wake, na tukikutana mnadani tunasalimiana vizuri.

Lakini ninazokumbuka zaidi ni dakika chache baada ya ng'ombe wa kwanza kutumbukia. Diwani alikwenda kwa mama mkwe wake, akainama, akatoa shikamoo. Mimi nilijisogeza karibu kwa kisingizio cha kuwasalimia, kwa kweli nilitaka kusikia. Bibi akasema maneno mengi ya Kidatoga bila kupumzika, akionyesha josho kwa fimbo, na diwani akaitikia, akaitikia, akaitikia.

"Amesemaje?" nikauliza alipogeuka. Mikono yangu ilikuwa inatafuta mifuko.

"Anasema nimeongea sana juu ya watu na kidogo sana juu ya dawa. Hii ya leo imetolewa bure. Ikiisha, nani analeta nyingine? Anataka jibu kabla sijafika nyumbani." Alikuwa ameshatoa simu, anamtafuta mtendaji kwa macho. "Na anasema nipitie kwake. Ameniwekea maziwa."